Jinsi ya kupata cheti cha meneja wa usalama wa chakula Marekani kupitia mtandao

MKENYA anayefungua mkahawa Minnesota, Texas au Massachusetts hukutana mapema na sharti ambalo huenda hakulifikiria alipokuwa nyumbani. Ni lazima yeye mwenyewe, au mtu aliyemwajiri, awe na cheti cha meneja wa usalama wa chakula. Haijalishi kwamba amepika pilau ya harusi kwa miaka 20 bila mgeni kulalamika. Afisa wa afya atakapokuja kukagua jikoni, atauliza karatasi.

Siku hizi karatasi hiyo hupatikana bila mtu kutoka nyumbani kwake. Mafunzo yako mtandaoni, na katika majimbo mengi hata mtihani hufanywa mtandaoni. Urahisi huo umewasaidia wengi, hasa wanaofanya kazi mbili na hawana nafasi ya kuketi darasani. Lakini pia umewaponza wengine. Ni rahisi mno kulipia somo ambalo si lenyewe, kulimaliza, kuchapisha cheti chenye mhuri wa kupendeza, kisha kuambiwa na idara ya afya kwamba hakitambuliki.

Chanzo cha mkanganyiko huo ni kwamba mambo matatu tofauti huitwa kwa majina yanayokaribiana.

La kwanza ni kadi ya mhudumu wa chakula. Hii ni ya mpishi wa kawaida, mwoshaji vyombo au anayepeleka sahani mezani. Masomo yake huchukua saa moja au mbili na mtihani wake ni mwepesi. La pili ni cheti cha kuhudhuria mafunzo ya umeneja. Hicho huthibitisha tu kwamba mtu amesoma kozi hadi mwisho. La tatu, ambalo ndilo sheria inalotaka, ni cheti cha meneja kinachotolewa baada ya kufaulu mtihani ulioidhinishwa na kufanywa chini ya macho ya msimamizi. Mwenye la kwanza au la pili pekee hajafika.

Njia ya kutambua mtihani ulioidhinishwa ni kutazama ithibati. Mitihani inayokubalika hupewa ithibati na bodi iitwayo ANAB, kwa kufuata viwango vilivyowekwa na Kongamano la Kulinda Chakula, chombo kinachowaleta pamoja wenye mikahawa, wataalamu na wakaguzi wa serikali. Miongoni mwa mitihani yenye ithibati hiyo ni ServSafe, ambao ni wa Chama cha Kitaifa cha Mikahawa cha Marekani, pamoja na ile ya National Registry of Food Safety Professionals, StateFoodSafety na 360training. Orodha kamili huwekwa wazi na ANAB yenyewe. Anayetaka kulipa aitazame kwanza, kisha aulize idara ya afya ya kaunti yake iwapo inaukubali mtihani anaoukusudia. Simu hiyo moja humwepushia gharama ya kulipa mara mbili.

Sharti lilikotoka

Wamarekani hawakuamka siku moja wakaamua kuwasumbua wapishi. Nyuma ya sharti hili kuna makaburi.

Kisa cha kale kinachotajwa mara nyingi ni cha Mary Mallon, mpishi mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi katika nyumba za matajiri mjini New York. Mnamo 1907 mchunguzi George Soper aligundua kwamba homa ya matumbo ilikuwa ikizuka katika nyumba alimopika. Mwenyewe alikuwa mzima wa afya, na hadi mwisho hakukubali kwamba alikuwa na vijidudu. Alitengwa katika kisiwa cha North Brother, akaachiliwa mwaka wa 1910 baada ya kuahidi kutopika tena. Mwaka wa 1915 alipatikana akipika kwa jina jingine katika hospitali ya wanawake, ambako watu 25 waliambukizwa na wawili wakafa. Alirudishwa kisiwani na kukaa huko hadi alipofariki mwaka wa 1938. Mpaka leo homa ya matumbo ni miongoni mwa maradhi ambayo mfanyakazi wa jikoni Marekani lazima ayaripoti kwa meneja wake, na meneja kwa idara ya afya.

Kisa kilichobadilisha sheria za sasa ni cha 1993. Wateja wa mikahawa ya Jack in the Box, wengi wao katika jimbo la Washington, walikula hambaga ambazo nyama yake ya kusaga haikuiva. Ndani yake mlikuwa na aina hatari ya bakteria ya E. koli. Zaidi ya watu 700 waliugua na watoto 4 wakafariki. Jambo lililowakera wengi ni kwamba jimbo hilo lilikuwa tayari limepandisha kiwango cha joto la kupikia nyama ya kusaga hadi nyuzi 155 za Fahrenheit (68 za Selsiasi), lakini jikoni kulikuwa kukifuatwa kiwango cha chini zaidi. Kanuni ilikuwepo, aliyekuwa na jukumu la kuhakikisha inatekelezwa hakuwepo.

Mwaka huo huo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilichapisha toleo la kwanza la Mwongozo wa Chakula. Mwongozo huo umefanyiwa marekebisho mara kadhaa, na toleo la 2022 ndilo la karibuni miongoni mwa matoleo kamili. Hapo awali ulitaka tu msimamizi wa zamu awe na maarifa. Baadaye ukataka angalau mtu mmoja mwenye mamlaka katika mkahawa awe na cheti, na tangu toleo la 2017 unamtaka msimamizi wa zamu mwenyewe awe nacho, isipokuwa katika maduka ambayo hatari yake ni ndogo sana.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2006 uliupa msimamo huo nguvu. Watafiti walilinganisha mikahawa 22 iliyokuwa imesababisha mkurupuko wa maradhi na mingine 347 ambayo haikuwa imesababisha. Katika ile iliyosababisha, asilimia 32 tu ilikuwa na meneja mwenye cheti. Katika ile isiyosababisha, ilikuwa asilimia 71. Takwimu hizo hazithibitishi kwamba karatasi ukutani huua vijidudu, lakini ni vigumu kuzipuuza. Aidha Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, CDC, kilikadiria mwaka wa 2011 kwamba Wamarekani milioni 48 huugua kila mwaka kutokana na chakula, na 3,000 kati yao hufa.

Yanayofundishwa

Kozi ya mtandaoni ya umeneja huchukua takriban saa 8 hadi 12. Mwanafunzi husoma kwa vipande, hutazama video, hujibu maswali mafupi na kuendelea alipoachia. Sehemu kubwa ya masomo ni kuhusu joto na muda, na hapa ndipo mpishi wa Afrika Mashariki hupaswa kuwa makini zaidi, kwa sababu baadhi ya mazoea ya nyumbani hayapiti.

Kuna eneo linaloitwa eneo la hatari, ambalo ni kati ya nyuzi 41 na 135 za Fahrenheit (5 na 57 za Selsiasi). Humo bakteria huzaana kwa kasi. Chakula cha baridi kinapaswa kukaa chini ya eneo hilo na cha moto juu yake. Kuku hupikwa hadi nyuzi 165 (74 za Selsiasi) katikati ya mnofu, nyama ya kusaga 155, samaki na vipande vizima vya nyama 145 (63 za Selsiasi). Kupima kwa jicho, au kwa kubonyeza kwa kidole, hakukubaliki. Lazima kuwe na kipimajoto, na kipimajoto chenyewe hukaguliwa kwa kukitia katika maji yaliyojaa barafu, ambapo kinapaswa kusoma nyuzi 32.

Mtu aliyelelewa kwa Selsiasi atafanya vyema kuzikariri nambari hizi kwa Fahrenheit, maana ndizo atakazoziona kwenye friji, kwenye oveni na kwenye ripoti ya mkaguzi.

Suala la kupoza chakula ndilo linalowatoa wengi jasho. Chakula kilichopikwa na kinachohifadhiwa lazima kishuke kutoka nyuzi 135 hadi 70 (21 za Selsiasi) katika saa 2 za kwanza, kisha kifike 41 katika saa 4 zinazofuata. Sufuria kubwa ya maharagwe au mchuzi wa mbuzi iliyoachwa mezani usiku kucha haiwezi kufanya hivyo. Hata ikisukumwa ndani ya friji ikiwa nzima, katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi huku ikipasha joto vyakula vilivyo kando yake. Dawa ni kuugawa mchuzi katika vyombo vifupi, au kuitumbukiza sufuria katika barafu na kukoroga.

Wali nao una mambo yake. Bakteria aitwaye Bacillus cereus hujificha ndani ya mchele kwa umbo la mbegu ngumu isiyouawa na kuchemsha. Wali ukipoa polepole, mbegu hizo huchipuka na kutoa sumu, na sumu ya aina ile inayoleta kutapika haiondoki hata wali ukikaangwa upya siku ya pili. Anayedhani kwamba kupasha moto hutibu kila kosa hukosea swali hilo katika mtihani, na huenda akakosea jikoni pia.

Vilevile kuna kanuni ya kutogusa kwa mikono mitupu chakula kilicho tayari kuliwa. Mteja ana uhuru wa kula ugali kwa vidole vyake. Hiyo ni haki yake na ndiyo adabu yenyewe. Lakini mfanyakazi anayekatakata kachumbari au kukunja chapati ya kupeleka mezani lazima avae glavu au atumie koleo. Na glavu haziondoi wajibu wa kunawa. Mikono hunawiwa kabla ya kuzivaa, na shughuli nzima inapaswa kuchukua angalau sekunde 20.

Kanuni nyingine inayowagusa Wakenya moja kwa moja ni ile ya chanzo cha chakula. Mkahawa hauruhusiwi kuuza kilichopikwa nyumbani, wala nyama ya mbuzi aliyechinjwa uani bila ukaguzi. Omena aliyeletwa ndani ya begi kutoka Kisumu, hata kama ni mtamu kiasi gani, hana nafasi katika jikoni la biashara. Meneja hutakiwa kununua kutoka kwa wauzaji walioidhinishwa na kuweza kuonyesha bidhaa ilikotoka.

Somo la mzio limepanuka. Sheria ya Marekani inatambua vyakula 9 vinavyosababisha mzio mkali: maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, kokwa za miti kama vile korosho na lozi, njugu karanga, ngano, soya na ufuta. Ufuta, ambao wengi huuita simsim, uliongezwa na sheria ya 2021 iliyoanza kutumika Januari 1, 2023. Anayetumia kozi ya zamani aliyopewa na rafiki atakuta vyakula 8 tu.

Mtihani wenyewe

Mtihani wa ServSafe unaweza kuchukuliwa kama mfano. Una maswali 90 ya kuchagua jibu, yanayofanywa kwa muda wa saa 2. Maswali 80 ndiyo yanayohesabiwa. 10 yaliyobaki ni ya majaribio, na mtahiniwa hajui ni yapi. Alama ya kupita ni asilimia 70. Anayeanguka anaweza kurudia ndani ya siku 30, lakini akianguka mara ya pili hulazimika kungoja siku 60, na haruhusiwi kujaribu zaidi ya mara 4 katika miezi 12. Kiingereza, Kihispania na Kichina ni miongoni mwa lugha zinazotumika. Kiswahili hakimo.

Kufanya mtihani nyumbani kumeenea zaidi tangu 2020, wakati janga la Covid-19 lilipofunga madarasa. Kompyuta huwa na kamera na kipaza sauti, na msimamizi humtazama mtahiniwa kutoka mbali mwanzo hadi mwisho. Kabla ya kuanza, mtahiniwa huonyesha kitambulisho na kuzungusha kamera ili chumba chote kionekane. Meza huwa tupu. Simu huwekwa mbali. Mtoto akiingia chumbani kuomba chai, au mtu akisikika akinong'ona, mtihani unaweza kusitishwa na ada kupotea. Anayeishi na watu wengi katika nyumba ndogo huenda akaona heri kwenda kituoni.

Jambo dogo linaloleta usumbufu mkubwa ni majina. Jina alilojiandikisha nalo mtu lazima lilingane na lile lililo kwenye kitambulisho. Mkenya mwenye majina matatu, ambaye leseni yake ya udereva inaonyesha mawili na pasipoti matatu, aamue mapema atatumia hati gani na ajiandikishe kwa mujibu wa hati hiyo.

Kwa jumla, kozi na mtihani pamoja hugharimu kati ya dola 100 na 200, ingawa zipo nafuu zaidi. Mtu anaweza pia kununua mtihani pekee na kujisomea kitabu, iwapo jimbo lake halilazimishi saa za masomo.

Kila jimbo na kanuni zake

Mwongozo wa FDA si sheria hadi jimbo liupitishe. Kuna zaidi ya idara 3,000 za majimbo, kaunti na jamii za wenyeji zinazosimamia usafi wa chakula, na kila moja ina hiari ya kufuata toleo fulani au kuongeza masharti yake. Ndiyo maana ushauri wa jamaa aliye Dallas unaweza kumpotosha aliye Boston.

Minnesota, kwa mfano, kufaulu mtihani hakutoshi. Mhusika hutakiwa kutuma ombi kwa Idara ya Afya ya jimbo katika muda wa miezi 6 baada ya kufaulu, alipe ada na kupewa cheti cha jimbo. Cheti hicho hudumu miaka 3, na kukihuisha kunahitaji saa 4 za masomo ya ziada. Wapo wanaofaulu mtihani na kuketi na karatasi hiyo kabatini hadi muda unapita.

Massachusetts, ambako mji wa Lowell una Wakenya wengi, huongeza cheti cha pili kuhusu mzio, kinachotokana na sheria ya 2009. California humpa mwenye mkahawa mpya siku 60 tangu kufungua awe amempata mtu mwenye cheti, na mtu huyo hawezi kuhesabiwa katika mikahawa miwili kwa wakati mmoja. Kwa hivyo mbinu ya kuazima cheti cha shemeji anayesimamia mkahawa mwingine haifui dafu huko.

Jiji la New York lina utaratibu wake kabisa. Idara ya afya ya jiji hutoa kozi mtandaoni bila malipo, yenye masomo 15. Lakini mtihani wa mwisho hufanywa ana kwa ana, kwa ada isiyofika dola 25. Cheti chake hakina mwisho wa muda, na mwenye cheti lazima awepo saa zote ambazo mkahawa unafanya kazi. Ni mojawapo ya njia za bei nafuu zaidi nchini humo, na inashangaza kwamba bado kuna wanaolipa mamia ya dola kwa mawakala kwa kazi hiyo hiyo.

Kwa anayerudi nyumbani

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni iwapo cheti hiki kina faida nchini Kenya. Kisheria, hakichukui nafasi ya chochote. Anayeshughulikia chakula hapa nchini huongozwa na Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, na Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254. Chini ya kanuni hizo wafanyakazi hupimwa afya kila miezi 6 na kupewa cheti, na jengo lenyewe hupewa leseni baada ya kukaguliwa. Tofauti ni kwamba mfumo wa Kenya huupima mwili wa mpishi, ilhali ule wa Marekani huyapima maarifa ya msimamizi. Kinyesi kilichopimwa Januari hakisemi lolote kuhusu sufuria iliyoachwa wazi Machi.

Hata hivyo, hoteli kubwa za Nairobi na Pwani, pamoja na kampuni zinazouza nje mboga na samaki, hupendelea watu wanaoelewa mfumo wa HACCP na kiwango cha ISO 22000, ambacho kilitolewa mara ya kwanza mwaka wa 2005. Wenye viwanda vya samaki walijifunza kwa njia ngumu mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati Umoja wa Ulaya ulipofunga soko lake mara kadhaa kwa samaki wa Ziwa Victoria. Aliyepita mtihani wa umeneja Marekani huwa amekwisha kuonjeshwa misingi ya HACCP, ingawa atahitaji mafunzo zaidi kabla ya kuuongoza mfumo huo kiwandani.

Kwa wanaobaki Marekani, cheti cha ServSafe na vingi vya aina yake hudumu miaka 5, isipokuwa pale ambapo jimbo limeweka muda mfupi zaidi. Hakihuishwi kwa kulipa ada tu, mtihani hurudiwa. Nakala hubandikwa au kuwekwa mahali ambapo mkaguzi ataiona bila kungoja, na tarehe ya mwisho huandikwa kwenye kalenda ya jikoni, kando ya ile ya kubadilisha kichujio cha maji.